Je, Mwanafunzi Anayefundisha ni Mfanyakazi? Mambo Yanayoelekeza Maamuzi ya Bodi ya Mahusiano ya Kazi ya Marekani

Utangulizi

Nilipoingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, semina zetu za historia ziliongozwa na wahadhiri wasaidizi ambao wao wenyewe walikuwa wakisomea shahada ya uzamili. Walisahihisha insha zetu, walitusimamia katika mitihani, na jioni tuliwakuta maktabani wakihangaika na tasnifu zao kama sisi tulivyohangaika na kazi walizotupa. Siku moja mwenzetu aliuliza kwa utani: hivi hawa ni walimu au ni wanafunzi? Tulicheka, tukaendelea na mambo yetu.

Baadaye, nikisoma historia ya vyama vya wafanyakazi, niligundua kwamba nchini Marekani swali hilo si la utani. Limefikishwa mara kadhaa mbele ya chombo cha serikali kinachoitwa Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, na Bodi imelijibu kwa namna zinazopingana. Mwaka 1974 ilisema wasaidizi wa utafiti si wafanyakazi. Mwaka 2000 ilisema wanafunzi wanaofundisha ni wafanyakazi. Mwaka 2004 ikasema si wafanyakazi. Mwaka 2016 ikasema ni wafanyakazi. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba katika miaka hiyo yote kifungu cha sheria kinachoeleza mfanyakazi ni nani hakikubadilishwa hata neno moja.

Ikiwa sheria ni ileile na swali ni lilelile, ni kitu gani kilibadilika? Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni siasa: rais akitoka chama hiki, wajumbe wa Bodi huwapendelea waajiri, akitoka chama kile, huwapendelea wafanyakazi. Kwa jibu hilo, kupeleka shauri kwenye Bodi ni sawa na kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Katika insha hii ninakubali kwamba jibu hilo lina ukweli, lakini ninadai kuwa ni nusu ya ukweli. Hoja yangu ni kwamba wajumbe huamua ndani ya mipaka iliyochorwa na wengine: Bunge linaloamua nani alindwe na Bodi ijue nini, mahakama zilizo juu yake, na wenye mashauri wanaochagua lini wabishe hodi na lini wakae kimya. Gharama ya mipaka hiyo humwangukia zaidi yule asiyeweza kungoja.

Chimbuko la Bodi

Bodi ni mtoto wa mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Mwaka 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipitisha sheria ya kufufua viwanda, ambayo kifungu chake cha 7(a) kiliwapa wafanyakazi haki ya kujiunga na vyama na kujadiliana na waajiri kwa pamoja. Kiliundwa chombo cha kusuluhisha migogoro, kikiongozwa na Seneta Robert Wagner wa New York, lakini hakikuwa na meno. Mwajiri aliyekataa agizo lake aliweza kuendelea na shughuli zake bila kuogopa lolote. Tarehe 27 Mei 1935 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria hiyo ya 1933.

Wagner alikuwa tayari na mswada mwingine wenye nguvu zaidi. Roosevelt aliutia saini tarehe 5 Julai 1935, ukawa Sheria ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi. Sheria hiyo iliunda Bodi ya wajumbe watatu walioteuliwa na rais na kuidhinishwa na Seneti. Bodi ilipewa kazi mbili kubwa: kusimamia kura za siri ambazo wafanyakazi huamua kama wanataka kuwakilishwa na chama, na kusikiliza malalamiko kwamba haki zao zimevunjwa, kwa mfano mtu anapofukuzwa kwa sababu ya kujiunga na chama. Wajumbe walipewa muda maalumu wa kukaa madarakani, na rais hakuruhusiwa kumwondoa mjumbe isipokuwa kwa kupuuza kazi au kutenda maovu ofisini. Msingi wa ulinzi huo ulikuwa umetoka mahakamani siku ileile ya 27 Mei 1935, katika shauri jingine, ambapo Mahakama ya Juu ilikubali kwamba Bunge linaweza kuwalinda wajumbe wa vyombo vya namna hii wasifukuzwe kwa kutofautiana tu na rais.

Kabla Bodi haijasikiliza shauri hata moja, uamuzi mzito ulikuwa umeshafanyika. Sheria iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani. Katika majimbo ya kusini, hizo ndizo kazi walizozifanya Wamarekani weusi wengi. Mjumbe wa Bodi hata awe na huruma kiasi gani, hakuweza kumsikiliza mchuma pamba. Ninalitaja hili mapema kwa sababu tukizungumzia kinachoathiri maamuzi ya Bodi huwa tunawatazama watu waliokaa mezani, tukawasahau waliozuiwa mlangoni.

Waajiri wengi waliamini kuwa sheria ya 1935 nayo ingebatilishwa, wakaipuuza. Mwenyekiti wa kwanza, J. Warren Madden, aliyekuwa profesa wa sheria, pamoja na Charles Fahy, mwanasheria wa Bodi, walijua kwamba mahakamani ndiko kwenye kifo au uhai wa chombo chao. Kwa hiyo waliyachagua kwa uangalifu mashauri ya kupeleka mbele, yale yenye ushahidi ulio wazi na kampuni kubwa zinazofanya biashara kuvuka mipaka ya majimbo. Mojawapo lilihusu wafanyakazi kumi waliofukuzwa katika kiwanda cha chuma cha Jones & Laughlin huko Aliquippa, Pennsylvania. Tarehe 12 Aprili 1937 Mahakama ya Juu iliiunga mkono Bodi kwa kura tano dhidi ya nne. Kura moja tu ndiyo iliyoiokoa. Miezi michache kabla, Roosevelt alikuwa ametangaza mpango wa kuongeza majaji katika Mahakama hiyo, na wanahistoria bado wanabishana ni kwa kiasi gani mpango huo uliwatikisa majaji. Kwa upande wa Bodi somo lilikuwa wazi: tangu mwanzo iliamua mambo ikijua kuna mkubwa anayeitazama kutoka juu.

Bunge na uwezo wa Bodi kujua

Mwaka 1938 Bodi iliamua kwamba wapakuzi wa meli katika pwani yote ya magharibi ya Marekani wahesabiwe kuwa kundi moja la uchaguzi. Uamuzi huo uliupa ushindi mkubwa muungano mpya wa vyama ulioitwa CIO, na muungano wa zamani, AFL, ambao ulikuwa na matawi katika baadhi ya bandari, ulikasirika. AFL ilianza kulalamika kwamba Bodi inampendelea mpinzani wake. Waajiri walikuwa wakilalamika tangu zamani. Basi maadui wawili wakajikuta upande mmoja, na mwaka 1939 Baraza la Wawakilishi liliunda kamati ya kuichunguza Bodi, chini ya mbunge Howard Smith wa Virginia.

Kati ya mambo yaliyoshambuliwa, moja lilinivutia kuliko mengine. Bodi ilikuwa na kitengo cha utafiti wa uchumi kilichoongozwa na David Saposs. Wachumi wake walikusanya takwimu na historia za viwanda ili wajumbe waelewe mgogoro ulivyo kabla ya kuamua. Wapinzani waliwaita wenye itikadi kali. Mwaka 1940 Bunge lilikinyima kitengo hicho fedha, nacho kikafa. Mwaka huohuo muda wa Madden uliisha, na nafasi yake ikachukuliwa na mchumi Harry Millis, mtu aliyeonekana kuwa mtulivu zaidi.

Mwaka 1947 Bunge, kwa kuishinda turufu ya Rais Truman, lilipitisha sheria iliyobeba majina ya Seneta Robert Taft na mbunge Fred Hartley. Sheria hiyo iliongeza wajumbe kutoka watatu hadi watano, na ikaitenga ofisi ya mwanasheria mkuu wa Bodi isiwe chini ya wajumbe. Pia iliandika kwamba Bodi haina ruhusa ya kuajiri watu kwa ajili ya uchambuzi wa uchumi. Chombo kinachoamua mambo ya kiuchumi ya mamilioni ya watu kilikatazwa kuwa na wachumi. Tangu hapo Bodi imeyajua mambo kupitia yale ambayo mwajiri na chama wanayaleta mbele yake, na mwamba ngoma, kama tujuavyo, huvutia kwake.

Matokeo yake yanaonekana katika mfululizo wa maamuzi kuhusu uongo wakati wa kampeni. Mwaka 1962 Bodi iliamua kwamba kura inaweza kufutwa kama upande mmoja ulisema uongo mkubwa dakika za mwisho. Mwaka 1977, katika shauri ambalo mtu wa chama aliwaambia wafanyakazi kwamba faida ya kampuni ilikuwa dola 500,000 ilhali ilikuwa kama dola 50,000, Bodi iliiacha kanuni hiyo. Ilisema wafanyakazi ni watu wazima, wanajua kupima maneno ya kampeni. Ilitegemea utafiti wa wasomi wa nje ya Bodi waliochunguza chaguzi 31 na kuwahoji wafanyakazi zaidi ya 1,000. Mwaka 1978 mjumbe mmoja alibadilika, na Bodi ikairudisha kanuni ya 1962, ikikataa kuukubali utafiti uleule. Mwaka 1982, baada ya Rais Reagan kuteua wajumbe wapya, kanuni ikatupwa tena.

Nimeueleza mfano huu kwa sababu unatoa picha mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba kubadilika kwa mtu mmoja mezani kunatosha kubadili sheria inavyotumika nchi nzima. Ya pili ni kwamba utafiti, hata uwe mzuri vipi, hauamui wenyewe. Kwa kuwa Bodi haina wataalamu wake wa kuupima, kila upande uliweza kuuchukua au kuuacha kulingana na msimamo uliokuwa nao.

Swali la mwanafunzi mfanyakazi

Sasa turudi vyuoni. Mwaka 1951 Bodi ilikataa kushughulikia shauri la wafanyakazi wa maktaba za Chuo Kikuu cha Columbia, ikisema kuwa chuo kisicho cha biashara hakistahili kuingiliwa. Mwaka 1970, katika shauri la Chuo Kikuu cha Cornell, iligeuza msimamo na kusema vyuo vimekua mno, vinaingiza na kutumia fedha nyingi, haviwezi tena kuachwa nje. Msomaji anaweza kudhani kwamba vyama ndivyo vilivyosukuma mabadiliko hayo. Lakini Cornell yenyewe ilitaka Bodi ishike mamlaka, kwa kuwa sheria ya kazi ya jimbo la New York ilikuwa imeanza kuvigusa vyuo na Cornell iliona afadhali sheria ya taifa.

Mlango ulipofunguka, wanafunzi nao wakaanza kubisha. Mwaka 1972, katika shauri la Chuo Kikuu cha Adelphi, Bodi iliwatoa wasaidizi wa ufundishaji katika kundi la wahadhiri kwa kuwa kimsingi ni wanafunzi. Mwaka 1974 ilikwenda mbele zaidi: wasaidizi wa utafiti wa idara ya fizikia ya Stanford si wafanyakazi kabisa. Mwaka 1976 ilisema hivyohivyo kuhusu madaktari walio kwenye mafunzo hospitalini.

Hali ilianza kugeuka Novemba 1999, Bodi ilipoamua katika shauri la hospitali moja ya Boston kwamba madaktari hao, ingawa wanajifunza, wanafanya kazi na wanalipwa, hivyo ni wafanyakazi. Oktoba 2000 hoja hiyo ilifika kwa wasaidizi wa Chuo Kikuu cha New York. Bodi ilisema wanafanya kazi chini ya usimamizi wa chuo, wanalipwa kwa kazi hiyo, na hakuna neno katika sheria linalowatoa. Chuo kilikubali kujadiliana, na mwaka 2002 ukapatikana mkataba wa kwanza wa aina hiyo katika chuo kikuu binafsi nchini Marekani.

Miaka minne baada ya uamuzi huo, Julai 2004, Bodi iliyokuwa na wajumbe watatu walioteuliwa na Rais George W. Bush iliutengua katika shauri la Chuo Kikuu cha Brown, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Wengi walisema uhusiano wa mwanafunzi na chuo ni wa kielimu, na kuingiza majadiliano ya mishahara kungeharibu uhuru wa kitaaluma. Wajumbe wawili waliobaki walijibu kwamba wenzao wanaongelea chuo cha zamani, si chuo cha leo ambamo sehemu kubwa ya ufundishaji iko mikononi mwa wanafunzi wa shahada za juu.

Agosti 2016 Bodi ya wakati wa Rais Obama ilirudi kwenye msimamo wa 2000 katika shauri la Columbia, kwa kura tatu dhidi ya moja. Chuo kilekile ambacho mwaka 1951 kilikuwa nje ya mamlaka ya Bodi sasa kilitakiwa kujadiliana na wanafunzi wake. Safari hii Bodi ilitumia tafiti zilizolinganisha vyuo vya umma vyenye vyama na visivyo navyo, zikionyesha kwamba uhusiano kati ya wanafunzi na wasimamizi wao haukuharibika. Tafiti hizo ziliwezekana kwa sababu vyuo vya umma viko chini ya sheria za majimbo, na katika baadhi yake, kama Wisconsin, wanafunzi walikuwa wamepata mkataba tangu mwaka 1970. Hofu iliyoongozwa na dhana mwaka 2004 ilikuwa na majibu ya vitendo kwa muda mrefu, nje ya mlango wa Bodi.

Je, ni siasa za vyama tu?

Orodha hiyo inaonekana kuthibitisha jibu la haraka. Bodi ya Bush ilikataa, Bodi ya Obama ilikubali. Kuna desturi kwamba wajumbe wasiozidi watatu kati ya watano hutoka chama cha rais, na muda wa mjumbe ni miaka mitano, kwa hiyo kila rais mpya anaweza kupata wengi wake bila kungoja sana. Siwezi kukana kwamba hiki ndicho kisababishi kinachoonekana kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, tukiyatazama maamuzi moja moja tunakuta mambo ambayo siasa za vyama peke yake haziyaelezi. Uamuzi wa 2000 haukuwa na mpinzani. Peter Hurtgen, mjumbe wa Republican ambaye mwaka mmoja kabla alikataa kuwahesabu madaktari wanafunzi kuwa wafanyakazi, alikubali kuhusu wasaidizi wa New York. Sababu yake ilikuwa ya ushahidi: daktari hawezi kumaliza mafunzo bila kufanya kazi ile, lakini wengi wa wasaidizi hao hawakulazimika kufundisha ili wapate shahada. Ukweli wa shauri ulimfanya mtu avuke mstari wa chama chake. Kwa maoni yangu hili ni jambo la kutia moyo, na pia ni onyo: ukweli ulifanya kazi kwa sababu uliletwa vizuri mbele yake.

Jambo la pili ni kwamba Bodi haitafuti mashauri. Mtu lazima ayalete. Ili kura ipigwe, lazima angalau asilimia 30 ya wahusika waonyeshe kwamba wanaitaka. Kwa hiyo wenye shauri nao wana mkono katika kile ambacho Bodi itaamua. Mwanzoni mwa 2018, baada ya Rais Trump kupata nafasi ya kuteua wajumbe, vyama vilivyokuwa na mashauri ya wanafunzi wa Yale, Boston College na Chicago viliyaondoa. Viliona ni heri kupoteza shauri moja kuliko kuipa Bodi mpya nafasi ya kuutengua uamuzi wa 2016 kwa nchi nzima. Bodi, ikikosa shauri, ilijaribu njia nyingine: Septemba 2019 ilipendekeza kanuni ya kuwatoa wanafunzi katika sheria. Kabla kanuni haijakamilika rais alibadilika, na Machi 2021 pendekezo liliondolewa. Uamuzi wa Columbia uliokolewa kwa ukimya wa wale walioutaka zaidi. Katika historia tumezoea kuhesabu matendo. Hapa kutotenda kulikuwa na uzito uleule.

Jambo la tatu ni mahakama, na ushawishi wake haukomei kwenye rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bodi haina akidi ikiwa na wajumbe chini ya watatu, na mamia ya maamuzi yaliyotolewa na wajumbe wawili tu yakawa mashakani. Mwaka 2014 ilisema tena kwamba wajumbe walioteuliwa Januari 2012 bila idhini ya Seneti hawakuteuliwa kihalali. Ndiyo maana Seneti inapochelewesha uteuzi inaathiri maamuzi bila kusema lolote kuhusu shauri lenyewe. Wanafunzi wa New York waliwasilisha ombi jipya mwaka 2010, lakini hadi 2013 Bodi ilikuwa haijatoa jibu la swali lao kuu. Mwisho wake walifikia makubaliano na chuo chao nje ya Bodi, wakapiga kura na kutambuliwa.

Gharama ya kungoja

Katika shauri la Brown kundi lililohusika lilikuwa la wanafunzi wapatao 450. Walipiga kura Desemba 2001. Kwa kuwa chuo kilikata rufaa, karatasi za kura zilifungiwa zikisubiri uamuzi. Uamuzi ulipotoka mwaka 2004 kwamba wapiga kura hao si wafanyakazi, kura zao hazikuhesabiwa kamwe. Mpaka leo hakuna ajuaye upande gani ulishinda.

Kule New York mkataba wa 2002 ulipoisha Agosti 2005, chuo, kikiutegemea uamuzi wa Brown, kilikataa kuufanya upya. Wanafunzi waligoma kuanzia Novemba, lakini mgomo haukurudisha mkataba. Kule Columbia, baada ya ushindi wa 2016, wanafunzi walipiga kura Desemba ya mwaka huo: 1,602 waliutaka muungano na 623 waliukataa. Mkataba wa kwanza ulipatikana Januari 2022, baada ya mgomo wa zaidi ya miezi miwili. Miaka mitano na ushei kati ya kura na mkataba!

Hapa ndipo ninapoona kiini cha suala hili. Chuo kikuu kinaishi karne nyingi. Kinaweza kukata rufaa, kungoja rais mwingine, na kurudi tena. Mwanafunzi wa uzamivu ana miaka mitano au sita, kisha huondoka. Aliyetia saini ombi mwanzoni mara nyingi siye atakayefaidi mkataba mwishoni. Kwa hiyo katika chombo ambacho majibu yake hubadilika kila baada ya miaka michache, kungoja kwenyewe ni silaha, na silaha hiyo iko mkononi mwa upande mmoja tu. Mfanyakazi wa kiwandani aliyefukuzwa leo naye yuko katika hali ileile, maana kodi ya nyumba haingoji rufaa.

Anaweza kutokea mhadhiri akanipinga hivi: katika demokrasia wananchi wakichagua rais mpya, si halali Bodi nayo ifuate mwelekeo mpya? Hoja hiyo ni nzito, na siipuuzi. Bodi ambayo haiwezi kubadilika kabisa ingebaki na makosa yake. Bila mabadiliko, msimamo wa 1951 ungekuwepo hadi leo. Jibu langu ni kwamba wananchi walipotaka kubadili haki ya mfanyakazi ni nani, njia ya wazi ilikuwa Bunge libadilishe kifungu. Bunge halijafanya hivyo. Badala yake mzigo umeachwa kwa watu watano, ambao kila uteuzi wao unageuka uchaguzi mdogo. Wagner na wenzake walijaribu kulizuia hilo kwa muda maalumu na ulinzi dhidi ya kufukuzwa. Januari 2025 Rais Trump alimwondoa mjumbe Gwynne Wilcox kabla muda wake haujaisha, jambo ambalo hakuna rais aliyewahi kulifanya katika Bodi hiyo, na Bodi ikabaki na wajumbe wawili, bila akidi. Ukuta uliojengwa mwaka 1935 ulipoguswa, watu wenye mashauri mezani waliambiwa tena neno walilolizoea: ngojeni.

Hitimisho

Nilianza kwa kuuliza ni kitu gani kilibadilika ilhali sheria haikubadilika. Nimeonyesha kwamba wajumbe walibadilika, na hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Lakini nimeonyesha pia kwamba Bunge liliamua nani asisikilizwe kabisa na likaizuia Bodi kuwa na wachumi wake. Kwamba mahakama na Seneti ziliweza kuinyamazisha bila kulitaja shauri lolote. Kwamba ushahidi ulioandaliwa vizuri uliwahi kumshawishi mjumbe dhidi ya matarajio ya chama chake. Na kwamba wenye mashauri wenyewe walielekeza maamuzi kwa kuja au kwa kutokuja. Anayetazama vyama vya siasa peke yake hataelewa mwaka 2000 wala mwaka 2018.

Kwa sisi tunaosoma historia ya kazi, nadhani funzo ni la namna ya kuuliza. Tukikutana na baraza, bodi au mahakama ya kazi popote pale, tusiishie kuuliza nani kaiteua. Tuulize pia inaruhusiwa kujua nini, nani hawezi kuifikia, nani yuko juu yake, na kati ya pande mbili nani ana uwezo wa kungoja. Swali la mwenzetu wa mwaka wa kwanza, kama wale waliotufundisha walikuwa walimu au wanafunzi, lilituchekesha kwa dakika moja. Watu 450 wa Brown waliulizwa swali hilohilo, wakalijibu kwa kura ya siri, na jibu lao halikufunguliwa.